Ubao Ulioguswa Mapema

Kiganja cha afisa wa forodha kiliteleza juu ya ubao wa kwanza, kikasimama. Ubao ulikuwa laini kama sahani.

"Mzee, hii imerandwa. Mbao ya msumeno iko na ushuru yake. Iliyorandwa iko na yake, mara mbili."

Fundi seremala, mwenye mbao, akaficha mikono nyuma. Ushuru wa mara mbili hakuwa nao, na mbao zingebaki hapo stesheni ya Nanyuki. Miaka thelathini amewatengenezea watu vitanda, na yeye na mkewe bado wanalalia cha kamba. Mbao hizi za msaji, zilizopanda meli kutoka Burma, zilikuwa za kitanda chao.

"Sema basi!" mkewe, Zabibu, akamwambia. "Afande, mikono ya huyu haina adabu. Tumekungoja tangu asubuhi, naye hawezi kukaa na ubao bila kuukwaruza. Randa yenyewe hii hapa kikapuni, chini ya viazi."

"Ati ameranda hapa? Na nani ameona?"

Zabibu akanyoosha mkono, akachomoa kwenye ndevu za mumewe uzi wa maranda, mwembamba, uliojikunja kama pete. Akauweka kiganjani mwa afisa.

Afisa akaunusa. Akapapasa ubao wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho: miba mitupu. Akaandika: mbao za msumeno, zote.

"Mama," akasema akifunga kitabu, "shika hiyo mikono mpaka mfike nyumbani."

Zabibu akaishika.