Kikombe cha Nesta Juu ya Mahogani

Waliipindua meza miguu juu mbele za watu, na Ambrose Tunnicliffe akahisi kama amepinduliwa yeye.

Ukumbi wa mnada pale Ludlow ulikuwa umefurika. Mtaalamu kutoka London akachomoa droo, akaimulika kwa tochi. Ambrose, seremala mzee, akawa anaisokota kofia yake kama anakamua nguo. Chini ya droo ile, pembeni kabisa, palikuwa na njiti ya kiberiti aliyoibandika mwenyewe kwa gundi enzi za ujana wake. Kila meza aliyoiga aliitia njiti, asije akajichanganya. Sasa ikionekana, uzee wake ataumalizia jela.

Enzi hizo familia moja yenye jumba kubwa, hiyo hiyo inayouza leo, ilimletea meza ya kuandikia ya babu yao, ya mbao ya mahogani ya zama za wafalme wa kale, aitengeneze miguu. Akaitengeneza. Kisha akachonga pacha wake, akamsugua kwa nta na masizi mpaka akazeeka, akamweka mlangoni wenyewe waje wamchukue. Ile aliyobaki nayo ikakaa chini ya dirisha lake, na hakutaka hata inzi atue juu yake.

"Mbona hutulii, babu? Umekalia misumari?" jirani yake akamtania.

"Magoti tu," akajibu, macho yakiwa mlangoni.

Mtaalamu alipapasa kila kona, taratibu, halafu akainuka. "Ni yenyewe. Mkono wa fundi wa kale, haijaguswa ila miguu. Sina shaka hata chembe."

Watu wakapiga makofi. Ambrose hakupiga. Njiti imekwenda wapi?

Alifika nyumbani anahema, koti halijafungwa. Mkewe, Nesta, alikuwa dirishani na chai yake, kikombe cha moto kimetuliwa juu ya mahogani bila kisahani. Ugomvi wao wa kila siku huo, tangu ujana.

"Toa kikombe!" akafoka kwa mazoea, huku anapiga magoti. Akachomoa droo, akapapasa chini yake.

Kidole kikagusa njiti.

Akabaki pale pale sakafuni. "Nesta, siku ile walipokuja na gari kuichukua meza yao, mimi nilikuwa wapi?"

"Baa, unasherehekea." Nesta akapuliza chai, akanywa funda, akakirudisha kikombe palepale. "Mimi ndiye niliyewafungulia mlango, mume wangu. Na mimi ndiye niliyewaonyesha ipi ya kubeba."