Maelezo ya Abigaeli

"Nilialika majirani nyumbani kwangu tunywe chai," Afande Kihwelo alisoma kwa sauti maelezo aliyomwandikia, kisha akamsogezea Abigaeli pedi ya wino. "Weka dole gumba hapa, uende zako."

Abigaeli hakujua kusoma, lakini masikio yake yalikuwa mazima. "Sikusema chai, Afande. Nilisema tulikuwa tunamwomba Yesu, na kesho tutamwomba tena."

"Mama, sala hizo zimepigwa marufuku mji mzima! Nakusaidia, huoni?"

"Andika nilichosema."

Afande akaichana karatasi, ya pili hiyo tangu asubuhi. Akaandika haraka haraka, akasoma, na safari hii vyote vilikuwamo: Yesu, kesho, hata nyimbo walizoimba. Abigaeli akabonyeza dole kwenye wino, akainama juu ya karatasi, akasita.

"Umesoma maneno mengi kweli kweli," alisema. "Mbona mistari ni miwili tu?"

Afande akapiga meza kwa kiganja. "Una wajukuu, wewe! Unajua maneno yako yatakupeleka wapi?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki uyapunguze."

Afande akasonya, akachukua karatasi nyingine. Sasa aliandika polepole, kichwa chini, akitamka kila neno, na Abigaeli akawa anahesabu mistari. Ilipofika tisa, kalamu ikasimama.

"Bado yale ya kesho," Abigaeli alimkumbusha.

Wino ulikuwa umeshamkaukia. Akabonyeza dole tena kwenye pedi, akaliinua juu, akangoja.