Ndoano Bila Chambo

Gaspari alikuwa akiondoa minyoo iliyokauka kwenye ndoano za mshipi mrefu, mama yake alipofika ufukweni na bakuli la maini ya mbuzi.

Juzi mtumbwi wa mdogo wake ulikutwa umepinduka katikati ya Ziwa Kitangiri. Mama alishikilia kwamba mwanawe ameogelea hadi ng'ambo, na kwamba atarudi na njaa.

"Minyoo ni ya perege, baba," alisema. "Weka maini. Kambare hayakatai, na mdogo wako anapenda kambare."

"Leo hatuweki chambo, mama."

"Samaki gani anauma chuma kitupu? Au siku hizi mnavua kambare wajinga?"

Gaspari alifunga jiwe zito kwenye mshipi, ili ndoano zikokotwe chini kabisa, kwenye matope.

Mama aliliangalia lile jiwe. Kisha akaweka bakuli mchangani, akaketi kando yake, akachukua koleo na kuanza kulaza vijino vya ndoano, kimoja kimoja, visije vikachana nyama.

"Alivaa koti," alisema. "Zishike koti tu."