Beji ya Siwema

Meneja alinyoosha mkono akidai beji ya Siwema, ile iliyoandikwa MCHANGAMFU. Mhudumu asiyekuwa nayo hakuwa na kazi tena hotelini, ingawa kicheko cha Siwema ndicho kilichojaza wageni kwenye meza zake miaka yote.

"Hata arubaini ya marehemu mwanangu haijafika, bosi."

"Pole, dada. Ila wageni wanasema umenuna."

"Kwani mchangamfu maana yake nini?"

"Anayewasahaulisha watu shida zao."

"Na za kwake azipeleke wapi?"

"Cheka basi, nikuone. Ukicheka, nakuachia."

Siwema akamimina soda ya mgeni. Povu lilipanda hadi ukingoni mwa glasi, naye akafungua mdomo acheke. Viputo vikapasuka kimoja kimoja, soda ikatulia, na ule mkono wa meneja ulikuwa bado umenyooshwa.