Kiganja Ukutani

Nungunungu wawili, Kidawa na mdogo wake Mashavu, walilala chumba kimoja shimoni. Mvua zilipokaribia waliukandika ukuta udongo mbichi, kama ilivyo desturi yao, na Kidawa akaupamba kwa mwiba wake: mistari iliyonyooka, hakuna hata mmoja uliopinda. Mashavu hakuweza kutulia. Akabandika kiganja chake katikati.

"Umeniharibia! Leo unahama, ukalale na bibi."

"Dada, nilitaka na mimi niwemo."

"Nenda ukawemo kwenye mikoromo ya bibi!"

Kidawa akaukwangua udongo kwa hasira. Tabaka la zamani likabanduka, na chini yake ikatokea mistari iliyonyooka, yenye kiganja kidogo katikati. Mashavu akaweka chake juu ya kile; kikaenea sawasawa.

Wakamwita mama. Aliutazama ukuta.

"Kiganja ni changu," alisema. "Mistari ni ya mama yenu mkubwa. Alinifukuza siku hiyohiyo, na hatukulala chumba kimoja tena."

Kidawa akachota udongo mwingine, akakandika pembeni, akachora mistari yake na kuacha nafasi katikati.

"Njoo, mdogo wangu," alisema. "Bonyeza sana."