Mkuki Begani mwa Mnaso

Mnaso aliuma mkanda wa ngozi, na mhunzi wa Tanagra akamwekea chuma chekundu begani.

"Tulia," mhunzi alisema. "Ukitikisika nitakuchorea jembe."

Jembe lisingefaa kitu kule Thebe. Mwasisi wa mji aliua joka, akayapanda meno yake shambani, wakaota wanaume na mikuki yao mikononi. Tangu hapo kila mtu wa ukoo wa wanaume hao huzaliwa na alama ya mkuki begani. Waathene hujigamba kwamba walichipuka ardhini kama uyoga. Wathebe angalau walipandwa. Mnaso, mtoto wa mfinyanzi, alizaliwa kwa njia ya kawaida, na mzee Asopiko, mkubwa wa ukoo huo, hakuwa tayari kumwoza binti yake kwa mtu wa njia ya kawaida.

Kleta, huyo binti mwenyewe, alikwisha kumwonya.

"Mposaji wa kwanza alikuja na mkuki wa masizi, baba akaufuta kwa kidole gumba. Aliyefuata alijichora kwa maji ya maganda ya kokwa za jozi. Huyo baba alimnusa tu, akacheka."

"Kwa harufu tu?"

"Baba anazijua rangi zote. Wewe ukifutika, naozwa kwa yule mgane wa Orkomeno anayenuka samaki wa mikunga wa ziwani. Na uje siku ya jua. Mawingu ya mvua yakitanda, baba hatoki ndani."

Kidonda kilipopona, Mnaso alikwenda. Ilikuwa siku ya jua kali, ndugu wa ukoo wamejaa uani wakinywa divai vifua wazi, Kleta akiwamiminia. Asopiko peke yake alikuwa amejifunika joho hadi shingoni, kama ilivyompasa mkubwa wa ukoo.

"Vua, kijana."

Mzee alisugua kwa kidole gumba. Akasugua kwa siki. Akaagiza mafuta na majivu, akasugua kama mtu anayekwangua ukoko wa chungu.

"Unanichuna, mzee wangu."

"Babu zetu walitoka udongoni wakipigana. Wewe unalilia siki?"

Ndugu wakaangua kicheko. Alama haikubanduka. Asopiko akainama, akaipapasa polepole, akaitazama kwa karibu mno. Kicheko kikafifia.

"Tokeni wote," alisema. "Na wewe, Kleta."

Ua ukabaki mtupu. Asopiko akamshika Mnaso mkono, akamwingiza chumbani, akatia komeo. Mnaso akajua kovu limemsaliti. Akatupa jicho dirishani: dogo, lakini mtu mwenye hofu angepenya.

"Kumbe ni moto," mzee alisema.

Mnaso akasogea hatua moja kuelekea dirishani.

Asopiko akavua joho. Jasho lilikuwa likimchuruzika, na mkuki wake mweusi ulikuwa umeshateremka kutoka begani hadi kiwikoni.

"Mwanangu," alinong'ona, "fundi wako anakaa wapi?"