Amina Iliyotangulia

Dukani, Zablon akiwa kando yao, muuzaji alimvika Eliwaza hedifoni masikioni, akautafuta mtandaoni wimbo wa kwaya ya Eliwaza na Zablon kwa kifaa kidogo cha muziki. Kwa miaka kumi na minane Eliwaza alikuwa akimlaumu Zablon, mwimbaji wa besi, kwamba ndiye aliyeimba "Amina" ya mwisho kabla ya wenzake siku ya kurekodi.

Alifumba macho. Kila sauti ilisikika peke yake, hata pumzi. Kisha "Amina" moja ikachomoza kabla ya zote, nyembamba, ya kike. Yake.

"Haya dada, mharibifu kapatikana?" Zablon aliuliza.

"Bwana, nisamehe," Eliwaza alinong'ona, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akamvika Zablon hedifoni, wimbo ukarudiwa, na Eliwaza akasimama mbele yake, mkono juu kama mwalimu wa kwaya, akiisubiri ile "Amina" yake.